MENO YANGU NA MAJI YA KWETU

TP imekwisha, nimerudi Mlimani juzi na basi la alfajiri kutoka Arusha. Miguu imevimba, boom halijaingia, chumba kimejaa vumbi la miezi miwili. Mengine ya TP nitayaleta siku nyingine, yapo ya kuchekesha (kuna siku mbuzi aliingia darasani akakaa mpaka mwisho wa kipindi, kuliko wanafunzi wengine). Leo nataka kujibu swali moja tu ambalo nimeulizwa tangu mwaka wa kwanza. Wengine wanaliuliza kwa mdomo, wengi wanauliza kwa macho.

Kwa nini meno yangu yana rangi ya kahawia?

Kuna kaka mmoja aliniuliza wazi kabisa kwenye foleni ya kafeteria, "Samahani dada, kwani unavuta sigara?" Mwingine, dada tuliyekuwa naye semina moja, aliniambia kwa upole mno kuwa kuna dawa ya meno nzuri imetoka, nijaribu. Nikamshukuru. Yaani utasema nini? Mimi nimepiga mswaki asubuhi na jioni tangu chekechea, na mama yangu kwa habari ya mswaki ni mkali kuliko mwalimu wa zamu. Lakini kwenye picha za darasa mtaniona nimefunga mdomo kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Wale wa Arusha, Moshi na Manyara mnaosoma hapa mmeshajua jibu, na wadau wa Nakuru kule Kenya nao wanalijua. Ni maji.

Mhusika anaitwa floraidi. Na msianze na lile la "mbona iko kwenye dawa ya meno?", mwenzangu wa chumba ameshaniuliza mara tatu. Ndiyo, iko, na ikiwa kidogo ni nzuri, inasaidia jino lisitoboke. Kidogo! Na dawa ya meno unaitema. Marekani walianza kuiongeza kwa makusudi kwenye maji ya bomba mwaka 1945, mji wa Grand Rapids, kama miligramu 1 kwa lita. Shirika la Afya Duniani, yaani WHO, linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sasa njoo kwetu Arumeru. Kuna mito inayoteremka Mlima Meru ambayo imepimwa ikakutwa na zaidi ya miligramu 10. Maziwa ya Momella, yale ya flamingo ambayo watu wanaenda kupiga picha, ni mamia ya miligramu.

Hakuna kiwanda kilichomwaga kitu. Ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, mawe na majivu yake yana floraidi. Mvua inazama ardhini, inapita taratibu katikati ya mawe hayo, inayeyusha inachoyeyusha, halafu inatokea chini kama chemchemi inayong'aa mpaka unaona kokoto. Haina harufu, haina ladha. Na chemchemi hazifanani. Hii inaweza kuwa nzuri kabisa, na nyingine isiyo mbali nayo ikawa mbaya mara kadhaa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hata majina ya kwetu yanazungumzia rangi tu: Maji ya Chai, na Ngarenanyuki ambayo kwa Kimaasai ni maji mekundu. (Ni Ngarenanyuki ile ile ya kesi ya ardhi, Wameru walipohamishwa na Waingereza na Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi tuliifuata New York. Maji hatujayafuata hata wilayani.)

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mimi meno haya niliyapata kabla hayajaota. Jino la ukubwani linajengwa ndani ya ufizi wakati mtoto bado ana meno ya utoto, tangu anapozaliwa hadi kama miaka 8. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, tabaka la juu la jino halikomai sawasawa. Jino linatoka na madoa meupe kama ya chaki, kisha linavuta rangi, njano, kahawia, kwa wengine linamong'onyoka. Kwa hiyo wewe wa Tanga ukipangiwa kufundisha Maji ya Chai ukiwa na miaka 25, usihofu, meno yako yatabaki kama yalivyo. Mifupa ndiyo haina umri. Ukiyanywa maji ya namna ile miaka mingi, floraidi inajikusanya mifupani, viungo vinakaza, mgongo unakataa kunyooka. Kwa watoto wengine miguu inapinda.

Bibi yangu hawezi kutazama juu. Akitaka kujua kama mvua inakuja anaigeuza nusu ya mwili pembeni, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Sisemi ni maji peke yake, amepita miaka 80 na amebeba ndizi na kuni tangu utoto wake. Ila wazee wa namna hiyo kwetu ni wengi mno, ukienda kanisani utawaona mstari mzima.

Halafu kuna magadi. Makande bila magadi kwetu hayaitwi makande. Na magadi yenyewe yana floraidi ya kutosha! Basi tunakunywa, na tunakula.

Hili si jambo jipya kwa wakubwa. Miaka ya 1970 kiwango cha nchi yetu kwa maji ya vijijini kilikuwa miligramu 8 kwa lita. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5 sawa na cha WHO. Msidhani enzi zile za 8 mifupa ya Watanzania ilikuwa ya chuma, teh teh. Wangeweka kidogo zaidi, vijiji vingi vingebaki havina hata chanzo kimoja kinachokubalika. Ukisoma kiwango namna hiyo unaelewa kuwa wakati mwingine namba inaandikwa kufuata maji yaliyopo, wala si mifupa.

Sasa TP. Nilipangiwa shule moja ya kata huko huko Arumeru, jina naliacha. Kemia, kidato cha pili, darasa la wanafunzi sitini na kitu. Mada ikawa maji: jinsi ya kuyasafisha na kuyafanya salama. Mnaikumbuka hiyo, sote tuliikariri. Chuja, chemsha, weka dawa ya klorini, funika. Kiingereza chake kinatiririka, unaandika ubaoni, wananakili, kengele, umemaliza.

Niliandika "boiling" ubaoni, nikageuka. Mbele yangu wameketi vijana sitini, na robo tatu yao wana meno kama yangu.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye wiki tatu hakuwahi kufungua mdomo, akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiswahili (sheria ya shule inakataza, lakini maswali ya kweli huwa yanakuja kwa Kiswahili, mtaniambia): "Madam, ukichemsha, hii ya meno inatoka?"

Andalio la somo halikuwa na hiyo. Nikaliweka pembeni. Nikawaambia tuchukue lita 4 za maji yenye miligramu 6 za floraidi kwa lita. Jumla miligramu ngapi? 24. Tuweke jikoni, yachemke sana, mvuke uende, zibaki lita 3. Floraidi imeenda na mvuke? Haiendi. Miligramu ni zile zile 24, sasa ziko kwenye lita 3. Gawanya. Darasa zima likasema "nane!" halafu likanyamaza. Mtu anakata kuni, anapuliza moto, macho yanamtoka machozi, maji yanakuwa mabaya kuliko alivyoyateka. Vidudu vya kuhara wamekufa, hilo ni kweli na ni kubwa, wala sikuwaambia waache kuchemsha. Lakini floraidi si kidudu, haifi.

Akasimama binti wa mbele: "Sasa madam, tunywe nini?"

Kengele ikalia. Na siku hiyo hiyo, kwa bahati yangu, msimamizi kutoka chuoni alikuwa amekaa nyuma na fomu yake. Alinipunguzia alama za kufuata andalio. Halafu tukiwa tunatembea kuelekea ofisini akaniuliza taratibu kama yale maji aliyowekewa mezani asubuhi yalitoka wapi. Hahaha.

Usiku ule nilisoma mpaka simu ikazima. Nilitaka kujua kama kuna wengine waliowahi kufundisha nusu ya somo kama mimi, nikafika Bangladesh.

Ya Bangladesh ni aseniki, sumu nzito kuliko floraidi yetu, hazilingani hata kidogo: WHO wanaruhusu miligramu 0.01 tu kwa lita. Lakini kisa chake kilinikosesha usingizi kwa sababu kilianza na nia njema tupu. Watu walikuwa wanakunywa maji ya madimbwi na mito, watoto wanakufa kwa kuhara na kipindupindu. Kuanzia miaka ya 1970 serikali na mashirika, UNICEF wakiwemo, wakahimiza visima vyembamba vya pampu ya mkono. Vikachimbwa kwa mamilioni. Familia inaona fahari kuwa na pampu yake uani. Maji yanatoka baridi, yanang'aa. Na kwa upande wa vidudu walikuwa sahihi kabisa. Walipima walichokiogopa. Aseniki haikuwa kwenye orodha ya vitu vya kuogopa, na ilikuwa imelala kule chini kwenye udongo ulioletwa na mito kutoka Himalaya kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 1983 upande wa pili wa mpaka, West Bengal ya India, daktari wa ngozi wa Kolkata aitwaye K. C. Saha akaanza kupata wagonjwa kutoka vijijini wenye madoadoa mwilini na viganja vilivyokakamaa. Bangladesh yenyewe ilithibitika mwaka 1993. Dalili zinaweza kuchukua miaka kama 10 ya kunywa, na baada ya hapo zinafuata saratani, za ngozi, kibofu, mapafu. Mwaka 2000 Allan Smith na wenzake waliandika katika jarida la WHO kuwa hakujawahi kutokea katika historia watu wengi kiasi hicho kupewa sumu kwa pamoja. Wakakadiria watu milioni 35 hadi 77 wako hatarini, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu milioni 125. Ukichemsha? Hesabu ni ile ile ya ubaoni kwangu.

Nilipofika hapo niliyatazama meno yangu kwenye kioo cha simu kwa namna nyingine. Mwanakijiji wa Bangladesh aliweza kunywa miaka kumi asione kitu. Sisi tuna kipimo mdomoni, mtoto akifika darasa la pili kinasomeka. Na tumekisoma vizazi na vizazi, tukakiita ukoo.

Kilichofuata kule ndicho kilichonivutia zaidi. Walianza kupima kisima kimoja kimoja, karibu visima milioni 5 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na pampu ikapakwa rangi. Kijani, kunywa. Nyekundu, fulia nguo, oga, lakini usinywe wala usipikie. Kama milioni 1.4 zikawa nyekundu. Mama asiyejua herufi moja alipata majibu ya maabara mlangoni kwake, akabeba ndoo akaenda kwa jirani mwenye ya kijani. Haikuwa dawa ya kila kitu: rangi ilichakaa, visima vipya vikaendelea kuchimbwa bila kupimwa, na kuna majirani hawapendi foleni uani kwao. Ila majibu yalifika kwa mnywaji.

Kwetu majibu hayafiki. Nikiwa darasa la tano watu walikuja na gari, wakajaza chupa ndogo ndogo kwenye bomba letu, wakabandika karatasi, wakaandika, wakatupungia mikono. Tulikimbilia gari mpaka barabara kuu. Mpaka leo hakuna mtu kijijini anayejua chupa zile zilisema nini. Ofisi gani siitaji, na sina shaka faili lipo mahali, limepangwa vizuri. Wanafunzi wa vyuo nao wanakuja, wanapima, wanaandika tasnifu, wanapata digrii. Bomba linabaki bomba.

Mimi naona namba iandikwe kwenye bomba. Kwa rangi, kubwa, hata mtoto wa chekechea aione. Nilimwambia hivyo mwenyekiti wa kitongoji chetu, mzee wa busara, shikamoo marahaba mambo yote, tukakaa kwenye benchi lake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Mwanangu, nikipaka nyekundu mabomba yote matatu na kijani hakuna, watu nawapeleka wapi? Watarudi kwenye mfereji wa ng'ombe, wapate taifodi, waje kunidai mimi." Sikuwa na jibu la haraka, na sitawadanganya kuwa ninalo sasa. Anachosema ni kitu halisi. Lakini namba si nyekundu na kijani tu. Kama bomba moja ni 3 na lingine ni 9, mama mwenye mtoto mchanga angetembea mpaka la 3. Leo anachagua lililo karibu, kwa sababu hana sababu nyingine ya kuchagua.

Kwamba kuchagua kunasaidia si nadharia. Kuna kamji kadogo Marekani, Oakley, jimbo la Idaho. Akina mama wa pale waligundua wenyewe kuwa watoto walianza kuota meno yenye madoa baada ya mji kuvuta bomba jipya kutoka chemchemi ya maji vuguvugu. Mwaka 1923 daktari wa meno Frederick McKay, ambaye alikuwa akifuatilia meno ya kahawia tangu 1901 kule Colorado, alikwenda akawashauri waliache bomba hilo. Wakaliacha, wakavuta maji kwingine. Baada ya miaka michache watoto wadogo wakaanza kuota meno ya ukubwani yaliyo safi. Na wakati huo hakuna aliyejua kuwa tatizo ni floraidi! Hilo lilikuja kugunduliwa mwaka 1931 na mkemia H. V. Churchill, alipopima maji ya mji mwingine mdogo, Bauxite, Arkansas. Wale akina mama hawakusubiri jina la kitu.

Sasa nifike nyumbani, maana hapa ndipo penye mtoto.

Dada yangu ana mtoto wa miaka miwili. Mimi ni mama yake mdogo, ananiita "Mamdo" na anadhani kila anayetoka Dar anakuja na biskuti. Ana vimeno vyeupe vya utoto, vizuri, akicheka unasahau shida za dunia. Na mimi kila akicheka nilikuwa nafikiria yale mengine, yanayojengwa sasa hivi ndani ya ufizi, kikombe kwa kikombe. Ana miaka kama sita bado ya kubadilisha mambo. Mimi yangu yalishafungwa.

Njia zipo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji ambacho kazi yake ni hiyo hiyo, kuondoa floraidi. Wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwa joto la digrii mia nne na kitu hivi kwa hewa kidogo, inasagwa chenga, inajazwa kwenye ndoo, maji yakipita floraidi inanaswa. Inafanya kazi kweli. Shida yake ni kuwa mkaa ule unashiba, ukishashiba maji yanapita na floraidi yake na wewe huoni tofauti yoyote, kwa hiyo lazima mtu awe anapima na kubadilisha. Mkaa usipochomwa vizuri maji yananuka, na kuna watu wanaosita kwa sababu za dini, mifupa ya ng'ombe gani, kachinjwa na nani. Kuna njia ya shabu na chokaa iliyoanzia India, Nalgonda, inataka kukoroga na kusubiri na vipimo sahihi kila siku. Na kuna chujio la Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale pale Arusha, ambalo lilimpa tuzo ya wahandisi ya Afrika kutoka Uingereza mwaka 2015. Zote nzuri. Zote zinataka hela, na mtu wa kuzitunza.

Kwetu tulichonacho ni paa la bati na mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mawe, hayana hadithi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hela ya TP, ile niliyoahidi kununulia simu mpya (mliokuwa mnanicheka simu yangu, endeleeni tu), ilikwenda kwenye mifereji ya bati, bomba la kushushia, na simtanki la mkono wa pili lenye kovu la kuunguzwa pembeni.

Dada alidhani nimechanganyikiwa. "Mdogo wangu, tanki hilo litatunyweshea watu saba mpaka masika?" Hapo ndipo hesabu ilipotusaidia tena. Si watu saba. Ni mtoto. Uji wake, chai yake, maji yake ya kunywa na ya kupikia chakula chake, tuseme lita 2 kwa siku. Dumu la lita 20 ni siku kumi. Tanki la lita 1000 likijaa ni siku 500. Kuoga, kufua, kudeki, ng'ombe, endeleeni na bomba. Niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa anafikiria mlima wa madumu, kumbe ni dumu moja kila siku kumi. Tukakubaliana dumu la bluu ni la mtoto, hakuna mwingine kuligusa, yanachemshwa kidogo kwa ajili ya vidudu, kifuniko juu. Makande yake yanapikwa bila magadi, yakichelewa kuiva yachelewe.

Bibi ndiye alikuwa mgumu. Alikaa kimya jioni nzima, halafu akasema, "Mnataka mtoto awe na meno ya watu wa pwani. Mimi nikienda soko la Moshi nikiona mtu anacheka najua huyu ni wa kwetu, namsalimia." Tukacheka, na yeye akacheka, meno yake matatu yaliyobaki yana rangi ya kahawa. Sikumbishia. Asubuhi yake nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, anamfokea kaka yangu aliyekuwa anataka kunawa uso na maji ya dumu la bluu.

Mvua za vuli zikichelewa mwaka huu tanki litakuwa tupu, hilo nalijua. Ndiyo maana wiki ya mwisho nilipanda juu, kwenye chemchemi mbili ambazo wazee wanasema mababu walikuwa wakichota kabla ya bomba. Moja iko nyuma ya kanisa, nyingine kwenye korongo ambalo njia yake inateleza vibaya. Nilijaza chupa mbili za plastiki, nikazisuuza kwanza mara tatu kwa maji yale yale kama tulivyofundishwa maabara, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: KANISANI, KORONGONI. Ya tatu nikaandika BOMBA. Nimezipeleka kupimwa, ada nimelipa, risiti ninayo, wameniambia nipige simu baada ya wiki mbili. Yule kijana wa dawati la nyuma alinisindikiza mpaka korongoni na kunibebea chupa. Namba yangu anayo. Jana ametuma meseji, neno moja tu: "Tayari?"

Bado. Alhamisi napiga.